Kabla hujalinganisha setilaiti na kipimo cha paa: kwa wanaoanza kupima hewa Kampala

Wewe unayeanza kazi hii ya kupima naitrojeni dayoksaidi, gesi inayotoka kwenye moshi wa magari, usiweke namba mbili kwenye mchoro mmoja kabla hujajiuliza kama vyombo hivyo viwili vilitazama hewa ile ile, katika saa ile ile. Mara nyingi jibu ni hapana.

Anza na saa. Chombo cha TROPOMI, kinachopima gesi hii kutoka angani na kilichorushwa Oktoba 2017 ndani ya setilaiti ya Sentinel-5P, huvuka ikweta yapata saa saba na nusu mchana kwa saa ya jua, lakini faili zake huandika muda kwa saa ya Greenwich. Kwa saa za hapa Kampala hiyo ni karibu saa nane na dakika ishirini mchana, ikitangulia au kuchelewa kidogo kutegemea njia ya siku hiyo. Kwenye faili utasoma 11:20 hivi. Mwaka wangu wa kwanza niliichukua 11:20 hiyo kama saa tano na dakika ishirini asubuhi, nikailinganisha na kipimo cha kando ya barabara, na kwa wiki kadhaa nikaishutumu setilaiti kwamba inapunja. Kumbe nilikuwa nikiidai hewa ya asubuhi, moshi wa teksi na bodaboda ukiwa bado umelala karibu na ardhi, ilhali yenyewe iliona hewa ya mchana, ambayo joto limeshaipandisha na kuitawanya, na sehemu ya gesi imeshageuka asidi ya naitriki.

Setilaiti, isitoshe, haipimi hewa unayoivuta. Huhesabu molekuli zilizomo katika safu wima nzima ya angahewa, kisha sehemu ya stratosfia, tabaka la juu, huondolewa kwa msaada wa modeli ya kompyuta. Kipimo cha paani hutoa kiwango cha mahali pamoja tu, na huwezi kugeuza kimoja kuwa kingine bila kujua gesi imejipanga vipi kutoka chini kwenda juu. Ukitaka uhakiki hasa, tafuta chombo cha ardhini kinachopima safu, kama Pandora, kinachotazama jua moja kwa moja. Lakini hicho hutoa safu nzima pamoja na stratosfia, kwa hiyo kilinganishe na safu nzima ya setilaiti, si ya troposfia, tabaka la chini, peke yake.

Mpangilio huo wa wima ndio penye kosa kubwa katika miji kama wetu. Hesabu ya kawaida ya TROPOMI huukopa kutoka modeli yenye miraba ya nyuzi 1, takriban kilomita 110 kila upande, na mraba wa namna hiyo huchanganya jiji, migomba na maji ya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria. Modeli isipoona moshi mzito karibu na ardhi, namba ya mwisho juu ya jiji hushuka. Pikseli yenyewe, yaani eneo ambalo setilaiti hulipa namba moja, ni ya kilomita 5.5 kwa 3.5 tangu Agosti 2019, nayo pia humeza barabara na kinamasi kwa pamoja.

Wala usikichukulie kipimo cha ardhini kama hakimu. Vipimo vingi vya kawaida hutumia kigeuzi cha molibdenamu, ambacho huhesabu asidi ya naitriki na wenzake kana kwamba ni naitrojeni dayoksaidi. Vihisi vya bei nafuu navyo huyumbishwa na unyevu, joto na ozoni. Panda paani ukaangalie kwa macho. Kimoja chetu kilikuwa na vilele vya ajabu kila umeme ulipokatika, hadi tulipoliona bomba la moshi la jenereta la jirani likielekea kwenye mrija wetu.

Mwisho ni mawingu. Pikseli zenye kigezo cha ubora kisichozidi 0.75 ziache, na siku hizo uziondoe pia upande wa ardhini, kwa sababu siku ya anga safi si sawa na siku ya mvua. Msimu wa Machi hadi Mei utakunyang'anya siku nyingi. Aprili ikikuachia siku nne, andika hiyo nne kando ya wastani wake.