Paa la tanuru la boila limedondoka mara tatu, tulaumu tofali au fundi?

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na joto, naona msimu wa alizeti unakaribia watu wameanza kuwasha maboila yao na kukuta yaliyolala yameamka na matatizo. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu nyie mnaofanya kazi viwandani huku Dodoma na Singida najua mnalo hilo hilo.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi naangalia boila kwenye kiwanda cha kukamua alizeti huku Kizota. Tunachoma maganda ya alizeti, na tanuru lenyewe limejengwa mbele ya boila kama chumba cha tofali, moto unawaka humo afu joto linaingia kwenye boila. Upana wa ndani mita 1.8. Paa lake ni la tao, limejengwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mara ya kwanza fundi alitumia tofali za kuchoma za hapa hapa na simenti ya kawaida, halikumaliza mwezi. Mara ya pili na ya tatu bosi akaleta faya briki, zile tofali za kuvumilia moto, kutoka Dar, nazo zinamenyeka kwa chini kama ganda la muhogo, afu siku unafungua mlango unakuta tatu nne zipo kwenye majivu. Tao halijainuka sana, kama sentimita 10 tu katikati, na kuta za pembeni naona kama zimeanza kuinama kwa nje. Sasa bosi anataka kuagiza tofali za bei kali zaidi, zenye alumina, yale madini ya kuvumilia moto, asilimia 70. Mimi naona tunatupa hela ila sina la kumwambia. Mtu wa Boila, Kizota.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Jibu lako umeliandika mwenyewe hapo kwenye mstari wa kuta kuinama, ila ulilipita haraka. Tofali hazina kosa kubwa, mnazionea.

Tuanze na lile la kwanza tulimalize upesi. Simenti ya kawaida ya kujengea nyumba haifai kabisa ndani ya moto. Ikifika nyuzi 400 na kitu hadi 500 ile chokaa iliyomo inavunjika inaachia maji inabaki chokaa hai, sasa mkizima boila Jumapili ile chokaa inanyonya unyevu wa hewani inavimba, Jumatatu mnawasha tena, wiki mbili tatu unga mtupu. Na tofali zetu nyekundu za kuchoma zina chuma kingi, ndo maana ni nyekundu, zikikaa kwenye nyuzi 1000 na zaidi zinaanza kulegea. Kwa nyumba safi sana, kwa tanuru hapana.

Sasa tao. Tao linasimama kwa kusukuma pembeni, yani ule uzito wake haushuki chini moja kwa moja kama wa ukuta, unateleza kwenda kushoto na kulia. Hesabu yake sio ngumu. Ukiinua tao kwa moja ya nane ya upana, kwako wewe ni sentimita 22 na nusu, msukumo kila upande unakaribia kulingana na uzito wote wa tao. Tofali zikiwa na unene wa sentimita 23, uzito huo ni kama kilo 900 kasoro kidogo kwa kila mita moja ya urefu wa tanuru. Lakini nyie mmeinua sentimita 10! Hapo msukumo unapanda mara mbili na zaidi, unakaribia tani 2 kila upande, kila mita, mchana na usiku, na unasukuma ukuta wa tofali tupu usio na chuma. Ukuta gani utavumilia hiyo? Ukuta ukitoka nje milimita chache tu tao linakaa chini, na likikaa chini msukumo unazidi tena, mwendo wa kuteremka mlima bila breki.

Fundi wenu najua kwa nini alifanya tao la chini, alitaka kuokoa tofali na fomu, au kulikuwa na bomba juu linamzuia. Wengi wanafanya hivyo.

Na kule kumenyeka kwa chini kunatoka wapi? Tofali za aina hiyo zikipata moto zinarefuka kama nusu ya asilimia au zaidi kidogo, kwenye mita 1.8 hiyo ni milimita 10 hivi. Uso wa chini unaoangalia moto unarefuka kuliko mgongo wa juu uliopoa, kwa hiyo kingo za chini zinabanana zenyewe kwa zenyewe, na tao likiwa limeshakaa vibaya mzigo wote unaenda kwenye zile kingo, zinapasuka vipande bapa. Ukileta tofali ya alumina asilimia 70 nayo inarefuka, nayo itabanwa, nayo itamenyeka, tofauti ni kwamba risiti itakuwa ndefu.

Kuna jambo jingine bosi hajaambiwa. Maganda ya alizeti yana potashi nyingi kwenye majivu yake. Potashi inageuka mvuke kwenye moto, inapenya kwenye vitundu vya tofali, inashikana na ile alumina inatengeneza madini mapya yanayovimba, tofali inapasukia ndani. Kwa hiyo alumina nyingi sio lazima iwe nafuu kwenye tanuru la maganda. Mara nyingi tofali nzito iliyobana, isiyo na vitundu vingi, ya alumina asilimia 40 hivi, inajitengenezea ngozi kama kioo kwa juu inayozuia ule mvuke usiingie zaidi. Muuzaji muulize vitundu asilimia ngapi, usiulize alumina peke yake.

Nyie fanyeni hivi. Bomoeni hilo tao lote msiweke viraka. Simamisheni nguzo za chuma nje ya kuta zote mbili, laza chaneli ya chuma usawa wa yale matofali ya pembeni yaliyokatwa mshazari ambayo tao linaanzia, afu funga nguzo ya kushoto na ya kulia kwa fimbo za chuma zenye nati, zipite juu ya paa, hewani, sio kwenye joto. Inueni tao sentimita 22 au 23. Tumieni tofali za kabari zilizotengenezwa kwa ajili ya tao, maana tofali ya mstatili ukiijazia mota nene upande mmoja ili ipinde, ile mota ikikauka inasinyaa na tofali inabaki inaning'inia kwa jina la Mungu. Mota iwe nyembamba, milimita moja mbili, unachovya tofali unaipachika unagonga na nyundo ya mpira. Kwa urefu wa tanuru acheni nafasi ya sentimita moja hivi kila baada ya mita moja na nusu au mbili, jazeni blanketi la seramiki (sufi ya kuzuia joto), na tao lisishikane na ukuta wa mwisho, liwe huru. Siku ya kuwasha mara ya kwanza mtu akae juu na spana, tao likianza kujiinua anazilegeza nati kidogo kidogo, likipoa anazifuata kuzikaza.

Hapo nimemaliza la tao, ila najua utakuja kuniuliza kuhusu paa bapa la kumwaga, hilo kastabo, yani zege la kuvumilia moto, kwa sababu kila muuzaji analisifia. Niliseme tu.

Paa bapa la tanuru ni ndugu wa tembe. Wagogo tulijua zamani kwamba udongo hauwezi kujishikilia wenyewe ukiwa bapa, kwa hiyo unaweka nguzo, boriti, fito, ndo unapandisha udongo juu, mzigo unabebwa na mti. Kwenye tanuru huwezi kuweka boriti chini, itaungua, kwa hiyo unaigeuza: boriti ya chuma inakaa juu, na paa linaning'inia kwa chini yake kwa anka (vishikizo) za seramiki, kila sentimita 30 hivi. Halina msukumo wa pembeni hata kidogo, ndo faida yake kubwa, kwa tanuru pana zaidi ya lako ningekwambia nenda huko bila kufikiri. Kwa mita 1.8 tao zuri linatosha na tofali moja ikiharibika fundi wa hapa hapa anaweza. Mkitumia anka za chuma sehemu yoyote ziwe stenlesi ya 310, na ncha zake mzivishe kofia ya plastiki au mzipake lami kabla ya kumwaga, chuma kinarefuka karibu mara tatu ya kastabo, ile plastiki inaungua inaacha nafasi ya kurefukia. Nimeona paa limepasuka mistari mistari kama kitanda cha kamba kwa kusahau hicho kitu kidogo.

Na mkimwaga kastabo, maji yawe ya kunywa, sio ya kisima cha chumvi, na mtayajua visima vyetu. Upepo wa Dodoma mnaujua pia, unanyonya maji kabla mzigo haujashika, funikeni na magunia yaliyolowa saa 24. Mwezi wa saba usiku ukiwa baridi sana msimwage jioni. Saruji ya alumina iliyomo kwenye kastabo ikishika kwenye baridi inabana mno, maji ya ndani hayapati njia ya kutoka, na hayo maji ndo yanakuja kuwa bomu.

Bomu nalijua. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye kiwanda fulani, tumemwaga paa zuri, tumeliacha siku moja, mimi nikasema tupandishe joto nyuzi 20 kwa saa, tukifika 110 mpaka 120 tusimame hapo maji yatoke, tupande tena tusimame kwenye 350, na tena kwenye 550. Meneja akaangalia saa, magari ya mbegu yako foleni nje. Akasema washeni. Saa nne baadaye tukasikia kama baruti, mvuke uliokosa njia umelirusha paa kwa ndani, vipande vya ukubwa wa sahani vimepita mlangoni. Hakuna aliyeumia ni bahati tu, jamaa wa kulisha moto alikuwa ameenda kunywa chai. Magari ya mbegu yakakaa foleni wiki mbili badala ya siku mbili.

Hayo yote nimeongelea tofali za nje. Chuma cha boila chenyewe, kile chenye presha, usikiguse wala usikichomelee, hicho ni cha mkaguzi, OSHA, wale wa usalama kazini, wanataka hati yake.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mama nina kiwanda kidogo Singida, boila yangu ina paa la kuning'inia na juu yake pana joto sana, vijana hawawezi hata kupita. Naambiwa nitandike blanketi juu nzima nitaokoa maganda. Nifanye?

JIBU: Mama, subiri kwanza! Hilo joto linalotoka juu ndo linalopoza vyuma vinavyobeba paa lako. Ukivifunika, moto hautoki, unavirudia vyuma. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi 550 mpaka 600 kimebaki na nusu ya nguvu zake, na hutaona kitu chochote kwa macho mpaka siku paa linashuka. Blanketi linaweza kulazwa mgongoni mwa paa lenyewe katikati ya anka, lakini vichwa vya anka, ndoano na boriti viachwe wazi vipate upepo. Afu ujue blanketi linaongeza joto ndani ya paa lote, sehemu iliyokuwa na nyuzi 500 inaweza kupanda mpaka 800, kwa hiyo uliza kama kastabo yako na anka zake zinaweza. Sufi ya kioo ya dari za nyumba usiiweke hapo, itayeyuka. La seramiki vijana wavae maski na glavu, na la zamani lililokaa kwenye moto miaka ndo baya zaidi kulibomoa kwa sababu limeshageuka kuwa na vumbi la silika, lilowesheni maji kwanza.

Kwa hao vijana, toboa madirisha juu ya ukuta upande wa upepo unapotokea, na upande wa pili uache wazi chini ya bati. Singida upepo haununuliwi.

SWALI: Kaka, hivi hatuwezi kutengeneza hizi faya briki wenyewe? Huku Kibaigwa bibi zetu majiko yao ya udongo wa kichuguu hayapasuki miaka na miaka. Kijana wa VETA.

JIBU: Swali zuri. Jiko la bibi moto wake ni wa kuni, udongo wa kichuguu umesagwa laini sana na mchwa, unashikana vizuri, na kuta zake nene hazifiki joto kubwa. Tanuru la boila lina nyuzi 1000 na zaidi saa 24, ni dunia nyingine. Unachohitaji ni udongo mweupe, kaolini, usio na chuma wala chumvi nyingi. Nchi hii upo, ule wa Pugu kule Kisarawe unajulikana tangu zamani, na kaolini safi inavumilia mpaka karibu nyuzi 1770. Udongo peke yake ukikauka unasinyaa na kupasuka, kwa hiyo unachoma sehemu yake kwanza, unasaga chenga chenga, unachanganya na udongo mbichi, ndo unafyatua na kuchoma tena kwenye joto linalozidi lile utakalofanyia kazi. Hapo ndo kwenye ugumu, tanuri za matofali za kuni za huku kwetu hazifiki huko.

Kupima udongo wako anza na kitu rahisi. Tengeneza pembe ndogo kama piramidi, urefu wa kidole, ichome karibu na faya briki unayoijua ubora wake. Mjerumani Hermann Seger alianzisha koni za namna hiyo mwaka 1886 na mpaka leo viwanda vinazitumia. Ncha ikiinama mapema udongo wako hauna kazi kwenye boila, peleka kwa bibi. Ikisimama wima, niandikie uniambie umeuchimba wapi, kilo mbili tatu nami nitazihitaji.