Mstari wa C si wa Corona

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Kibaigwa, nina umri wa miaka 54. Mwezi Julai 2021 mume wangu aliugua Corona hadi akawekewa oksijeni. Nilimuuguza mwenyewe, tulilala chumba kimoja, na mimi sikupata hata mafua. Baadaye nilichanja ile chanjo ya JJ. Siku hizi nasikia kwamba karibu watu wote walishaipata Corona, wengine bila kujua. Je, ni kweli, na mimi nimo? Nauliza kwa sababu wiki iliyopita vijana waliokuja mnadani na meza ya vipimo walinitoboa kidole, wakaniambia nina Corona iliyolala kwenye damu, na kwamba ndiyo inayonichosha, inanikausha koo na kuniamsha usiku kwenda haja ndogo. Wameniuzia dawa ya kusafisha damu ya siku 21. Picha ya kipimo nimekutumia.

JIBU: Shikamoo mama. Ni kweli kwamba watu walio wengi sana walishaambukizwa, na inaelekea kabisa kwamba wewe umo. Hata hivyo picha uliyonitumia haithibitishi jambo hilo, na ningependa kuanza nayo kwa sababu si picha ya kwanza ya namna hii kuletwa kwenye meza yangu hapa Dodoma.

Kwenye picha kuna kipande cheupe cha plastiki chenye kidirisha kirefu, na pembeni mwa kidirisha zimechapwa herufi tatu: C, G na M. Tone la damu limeingia vizuri, na mstari mmoja mwekundu umejitokeza mkabala na C. Kwenye G na M hakuna kitu, hata kivuli. Mama, mstari wa C ni wa kujihakiki. Mtengenezaji ameuweka ili mpimaji ajue kwamba damu na kimiminika vimepita njia yote. Hujitokeza kwa mgonjwa na kwa mzima, kwa mtoto mchanga na kwa mzee, na usipojitokeza kipimo hicho hutupwa, kikachukuliwa kingine. Kingamwili za Corona, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi hicho, kama zingeonekana, zingechora mstari kwenye G au kwenye M. Kwa hiyo kifaa cha wale vijana chenyewe kilisema hakikuona kingamwili yoyote katika damu yako, nao wakakusomea herufi C kana kwamba ni ya Corona. Sijui kama walifanya hivyo kwa kutojua au kwa makusudi, lakini aliyeuza dawa baada ya kusoma vile nashindwa kumtafutia udhuru.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. Wanaosema kwamba karibu kila mtu alishaambukizwa hawakisii tu. Damu za watu wasio wagonjwa, zikiwemo za wachangiaji damu na za wajawazito waliokwenda kliniki, zilipimwa katika nchi nyingi ili kuona ni wangapi wana kingamwili za kirusi hiki. Shirika la Afya Duniani lilipojumlisha tafiti za namna hiyo barani Afrika, lilikadiria kwamba waliokuwa na kingamwili walipanda kutoka asilimia 3 katikati ya 2020 hadi asilimia 65 kufikia Septemba 2021, na kwamba maambukizi halisi barani huenda yalikuwa mara 97 ya yale yaliyokuwa yameripotiwa. Zingatia tarehe hiyo. Omicron, iliyosambaa kwa kasi kuliko aina zote zilizoitangulia, ilitambuliwa kusini mwa Afrika mwezi Novemba 2021, yaani baada ya hesabu hiyo kufungwa. Marekani nako, ambako watu walipimwa kwa wingi zaidi, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba kufikia Februari 2022 zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa wameshaambukizwa, na kwa watoto idadi ilikuwa takriban watatu kati ya wanne. Baada ya miaka yote iliyofuata, mtu mzima ambaye kirusi hiki hakijawahi kumwingia hata mara moja yupo, ila ni wa nadra.

Wapo wanaopinga kwa kutaja takwimu za hapa nyumbani, kwamba hadi utoaji wa takwimu uliposimama mwaka 2020 walikuwa wametangazwa wagonjwa 509 tu. Idadi ya namna hiyo huhesabu waliopimwa wakakutwa na kirusi, na asiyepimwa haingii kwenye hesabu hata kama amelazwa. Haiwezi kutumika kujua ni wangapi waliambukizwa, si Tanzania wala kwingineko.

Kuhusu kuambukizwa bila kujua, mapitio ya tafiti za kabla ya chanjo yalikadiria kwamba angalau theluthi moja ya walioambukizwa hawakuwa na dalili yoyote. Waongeze wale waliokuwa na dalili lakini wakazipa jina jingine. Mkoani kwetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo na vumbi humfanya karibu kila mtu akohoe na kupiga chafya, na kwa mtu anayeshinda kwenye vumbi la mahindi sokoni Kibaigwa, siku tatu za koo kuwasha si jambo la kulitilia maanani. Ndani ya siku tatu kama hizo Corona hupita na kwenda zake.

Lakini sikuhakikishii kwamba uliambukizwa Julai ile. Watu hudhani kulala chumba kimoja na mgonjwa ni lazima upate, na usipopata basi una damu ya ajabu au nyungu ilikukinga. Tafiti za kaya zilizofanywa katika kipindi cha mwanzo zilionyesha kwamba, kati ya watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, aliyeambukizwa alikuwa takriban mmoja kati ya watano au sita; ilipokuja Omicron, wakawa takriban wanne kati ya kumi. Huko London mwaka 2021 vijana 36 waliojitolea walitiwa kirusi hai puani kwa makusudi, chini ya uangalizi wa madaktari, na kati ya 34 waliohesabiwa mwishoni ni 18 tu walioambukizwa, yaani zaidi kidogo ya nusu. Kati ya hao 18, wawili hawakuhisi lolote. Hakuna aliyejifukiza. Nyungu yenyewe sina ugomvi nayo, maana mvuke hufungua pua iliyoziba, mradi maji ya moto yakae mbali na watoto. Ninachokataa ni mtu kuitolea ushahidi kwa ugonjwa ambao hata hajui kama ulimfikia.

Jambo linalonichosha kuliko yote katika kazi hii ni hilo neno "iliyolala". Nadhani najua lilikotoka. Kwa zaidi ya miaka thelathini Watanzania wamezoea kipimo cha VVU, na kipimo kile cha haraka cha kidole hutafuta kingamwili. Kwa VVU, mtu mzima mwenye kingamwili anahesabiwa kuwa ana kirusi, kwa sababu VVU hujificha ndani ya chembechembe za mwili na haviondoki. Mazoea hayo yakahamishiwa kwenye kila kipimo cha damu, na sasa mtu akisikia "kingamwili zimeonekana" anaelewa "ugonjwa umo". Corona haiendi hivyo. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida, kirusi hai huisha mwilini ndani ya siku chache hadi wiki mbili au zaidi kidogo, kisha hubaki kingamwili na seli za kumbukumbu. Kingamwili hizo ni kama majivu jikoni: anayeyaona anajua kwamba moto uliwaka, lakini hajui uliwaka lini, wala hana sababu ya kuyamwagia maji. Wapo wagonjwa wachache, hasa wenye kinga dhaifu sana, ambao kirusi hai hukaa mwilini mwao kwa miezi, na watafiti wamekuta mabaki ya kirusi katika viungo vya baadhi ya watu muda mrefu baada ya kupona. Hao hugunduliwa kwa vipimo vya hospitali kubwa na maabara za utafiti. Kipande cha plastiki na tone la damu mnadani haviwezi kuona mabaki hayo, na dawa ya kusafisha damu dhidi yake haijulikani katika tiba.

Labda utauliza kama kipo kipimo kizuri zaidi cha kukata shauri, ili ujue moja kwa moja kama uliwahi kuambukizwa. Katika maabara tunaweza kutenganisha kingamwili za aina mbili. Zipo zinazolenga protini ya miiba iliyo juu ya kirusi, na zipo zinazolenga protini ya ndani inayobeba vinasaba vyake. Chanjo ya JJ uliyochanja hufundisha mwili kuitambua miiba peke yake, hivyo kingamwili za protini ya ndani zikionekana kwako zingeashiria maambukizi. Aliyechanjwa Sinopharm hawezi kutenganishwa kwa njia hiyo, kwa kuwa chanjo ile ina kirusi kizima kilichouawa. Lakini kingamwili hizi za ndani hupungua kadiri miezi inavyopita, na kwa wengi walioambukizwa bila dalili huwa chache tangu mwanzo, kwa hiyo kutoonekana leo hakumaanishi kwamba hukuambukizwa. Upande wa pili, damu zilizokuwa zimehifadhiwa tangu kabla ya janga, nyingine kutoka hapa Tanzania na nyingine Zambia, zilipopimwa zilionekana mara nyingi kuitikia protini za Corona, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa haujafika. Mojawapo ya maelezo ni kwamba miili ilikuwa imeshakutana na virusi vya mafua vya ukoo huo huo. Kipimo cha kingamwili kinamfaa mtafiti anayepima maelfu na kurekebisha hesabu zake kitaalamu. Kwako wewe mmoja, mama, kingekugharimu pesa na kisingebadilisha lolote katika matibabu yako.

Wale vijana si wa Corona tu. Ni walewale, au ndugu zao wa biashara, ambao kabla ya 2020 walikuwa na Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Nawaona kila wiki watu waliotibiwa taifodi mara nne au tano ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya kipimo kimoja cha Widal, ambacho nacho hutafuta kingamwili, nacho hubaki chanya kwa aliyewahi kuugua zamani au kukutana na vijidudu vya jamii hiyo. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa kuwa hakuna anayetaka kusubiri, antibiotiki zinamezwa bure na vijidudu vinazizoea. Kisha ikaja mashine ya kushika mkononi, inayodaiwa kupima mwili mzima kwa dakika moja bila kuchukua hata tone la damu, na kuchapa karatasi yenye ini, figo, kongosho na "sumu" zote. Mashine hiyo haipimi kitu. Mpe mtu yuleyule aishike mara mbili na uone karatasi zitakavyotofautiana. Mpimaji wa kweli ana leseni, anafanya kazi katika maabara iliyosajiliwa, anakupa majibu yaliyoandikwa, na kwa kawaida hauzi dawa ya ugonjwa alioutangaza mwenyewe dakika tano zilizopita. Ukikuta meza moja inapima, inatangaza ugonjwa na kuuza tiba, ondoka hata kama kipimo ni cha bure. Kile cha bure ndicho hasa cha kukushtua.

Ubaya wa biashara hii hauishii kwenye pesa. Jina la Corona limekuwa shimo ambamo kila uchovu hutupwa. Ni kweli kwamba baadhi ya watu hubaki na dalili kwa miezi baada ya kuambukizwa, na tatizo hilo linatambuliwa na Shirika la Afya Duniani, lakini ili daktari alitaje ni lazima kwanza aondoe maradhi mengine yanayoweza kuleta dalili hizo. Wewe una miaka 54, unachoka, koo linakauka, na unaamka usiku kwenda haja ndogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekupima sukari kabla ya kukuuliza lolote kuhusu Corona. Nenda kituo cha afya asubuhi kabla hujala, upimwe sukari, shinikizo la damu, wingi wa damu na mkojo. Ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, kitaje waziwazi ili upimwe kifua kikuu, na kipimo hicho katika vituo vya serikali ni bure.

Ile dawa ya siku 21, kama hujaianza usiianze, na kama umeshaianza usisubiri iishe ndipo uende kituoni. Wadhibiti wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuwa wakikuta dawa zinazoitwa za asili zimechanganywa na steroidi za viwandani bila kutajwa kwenye lebo. Mtu akizimeza hupata nguvu na hamu ya kula siku za mwanzo, akamsifu muuzaji kwa jirani zake, na wakati huohuo sukari yake inapanda. Sisemi kwamba yako ndivyo ilivyo, maana sijaiona. Ibebe na chupa yake na lebo yake, umwonyeshe daktari kabla hujatobolewa kidole, kwa kuwa itabadilisha namna atakavyosoma majibu yako ya sukari, na umwombe akusaidie kuifikisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.