Anzeni kwa kupima

Ndugu, umeuliza kama mpango wenu wa maji huko jangwani wakati huu wa ukame uanze kwa kuwabana watu kwenye kuoga na kufua. Hapana. Pimeni kwanza: kisima kinatoa lita ngapi kwa siku, na usawa wa maji unashuka kiasi gani kila mwezi. Kisha saka mivujo. Usiku wa manane, watu wamelala na matangi yamejaa, mita kuu ikiendelea kuzunguka basi kuna bomba linalovuja. Funikeni matangi, mwagilieni alfajiri. Jua la jangwani hunyonya mengi mno. Na tafadhali, kubalianeni mapema maji ya kisima yakishuka hadi wapi ndipo kumwagilia bustani kusimame. Lita 15 kwa mtu kwa siku, kiwango cha chini cha dharura kinachotumika kimataifa, zisiguswe.