Ukitaka kuingiza gobore kwenye gemu, anza na muda wa kushindilia

Vijana wanaoniuliza jinsi ya kuongeza bunduki za zamani kwenye gemu za vita huanza na swali lilelile: gobore lipewe nguvu kiasi gani? Nawaambia namba hiyo waiache mpaka mwisho. Gobore linaachana na upinde kwenye muda wa kushindilia.

Mimi natumia gemu ya vita iitwayo 0 A.D., kwa sababu ni ya bure na faili zake ziko wazi. Kila askari ana faili lake la XML, yaani maandishi yanayobeba namba zake. Gemu inahusu enzi za kabla ya baruti, kwa hiyo nakili faili la mpiga upinde, lipe jina jipya, uanzie hapo.

Kabla ya kugusa namba yoyote, mtafute anayejua kazi yenyewe. Mimi nilimwendea mzee mmoja wa Nachingwea mwenye gobore la kibali, la kulindia shamba nguruwe pori. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akasukumia makumbi ya nazi kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akatia goroli, akashindilia tena, ndipo akavuta nyundo na kupachika fataki. Muda wote mtutu umesimama wima na yeye kasimama. Mtu wa namna hiyo hawezi kushindilia huku amelala kifudifudi, na vitani hapo ndipo anapouawa.

Kwenye faili, tafuta RepeatTime, yaani muda kati ya pigo moja na jingine, inayohesabiwa kwa milisekunde. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vizuri alifyatua gumegume, gobore la kuwashwa kwa cheche za jiwe, kama mara 3 kwa dakika. Mpiga upinde alimpita mbali. Chukua namba ya upinde, izidishe mara nne au tano. Kisha ongeza Spread, yaani mtawanyiko wa risasi, maana mtutu usio na mifereji ndani hupeleka goroli ovyo, na ukivuka mita 100 kumlenga mtu mmoja ni bahati tu. Ila muda wa kumfunza askari wa gobore uwe mfupi. Upinde mtu hukua nao tangu utotoni, gobore hufundishwa kwa majuma machache. Ukisahau hili, hakuna mchezaji atakayelinunua.

Mizinga ya Wareno walioipiga Kilwa mwaka 1505 iache kwanza, inataka meli.

Bombomu, bunduki ya kumimina risasi mfululizo, ni jambo jingine kabisa. Maxim ya mwaka 1884 ilitema risasi zaidi ya 500 kwa dakika, lakini ilipozwa kwa maji na ilihitaji watu kadhaa kuihudumia. Ifanye ghali, nzito, isiyofyatua ikitembea. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, Wajerumani walikuwa nazo chache tu, na wapiganaji wa Maji Maji waliokuja kwa wingi walifyekwa.

Na kuhusu maji yenyewe, ile dawa waliyoamini inageuza risasi kuwa maji, nakusihi usiyageuze kuwa ngao ya kuzuia risasi. Vita ile iliwaka Umatumbi, huku huku kwetu Kusini, na wajukuu wa waliopigana bado tunao. Maji yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na wengine waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Yape kazi hiyo: makundi yaliyokuwa mbalimbali yapigane chini ya amri moja, na ari yao ipande.

Upande wa Wajerumani, weka moto. Njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko risasi. Gemu tayari ina mashamba na maghala, basi askari wao waweze kuyateketeza na chakula cha mpinzani kishuke kwelikweli.

Ukimaliza, pambanisha magobore ishirini na pinde ishirini uwanjani, kisha rudia magobore yakiwa nyuma ya ukuta. Pinde zikishinda mara zote mbili, ongeza nguvu ya risasi kidogo kidogo. Muda wa kushindilia usiuguse.