Barua kwa mwanangu: anza na Jumatatu asubuhi

Mwanangu,

Umeniuliza dini yetu itakufaa nini sasa, kazi imekatika, kodi ya nyumba hapo London haishikiki, na wewe mwenyewe unasema hata kusali huwezi. Habari za imani tuziache kwanza. Uyahudi umepangwa hivi kwamba hata aliyeishiwa imani ana kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni ya kuhesabiwa.

Kadishi, sala ya wafiwa, haisomwi mpaka watimie watu wazima 10; hao ndio minyani. Sinagogi za Orthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika mapokeo, huhesabu wanaume waliotimiza miaka 13, zile za Reform, yaani za mageuzi, huhesabu na wanawake. Siku ya Sabato watu ni wengi, usipofika hakuna atakayejua. Lakini Jumatatu asubuhi, baridi imekaza, huenda wako 8 wanatazama mlango, na mfiwa yuko katikati yao anangoja. Nenda siku hiyo. Hakuna atakayekupima imani, wanataka idadi itimie tu. Tenga kama dakika 45, maana Jumatatu na Alhamisi Torati husomwa na ibada hurefuka kidogo. Ukishazoeleka hapo, siku ukikosekana mtu atapiga simu kuuliza kulikoni. Wageni wengi huenda Yom Kippur, siku kuu ya toba, pekee, ukumbi umefurika, kisha wanarudi wakilalamika kwamba jumuiya ile haina ukarimu.

Ila usiibuke tu mlangoni. Sinagogi za huko zina walinzi, na wana sababu. Andika mapema, taja jina lako kamili na jumuiya uliyolelewa, na siku ya kwenda beba kitambulisho.

Sabato itakusumbua kwa jambo ambalo huku hukulijua. Huanza Ijumaa jua linapotua, na Kenya jua hutua karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. London mwezi wa Desemba linatua kabla ya saa 10 alasiri, na mishumaa ya Sabato huwashwa dakika kama 15 hadi 18 kabla ya hapo. Ukifuata mazoea ya nyumbani, Sabato imeshaingia na wewe bado uko dukani. Kwa hiyo maharage yaloweke Jumatano usiku, Alhamisi yapike na nyama, viazi na shayiri mpaka yakaribie kuiva. Ijumaa yapashe yachemke, kisha sufuria ikae juu ya sahani ya umeme kabla ya mishumaa. Maji yapande vidole viwili juu ya chakula, funika vizuri. Ukiyapunja, kesho mchana utakuta yameshika chini, na huruhusiwi kuongeza maji baridi.

Simu nayo izimwe saa zote 25 za Sabato. Kwa mtu anayetafuta kazi hii ndiyo dawa yenyewe, kwa maoni yangu, kuliko hata sala: hakuna barua pepe ya kukataliwa itakayokufikia. Jumamosi nyota tatu zikionekana, fanya havdala, ibada fupi ya kuaga Sabato, kwa divai, manukato na mshumaa wenye tambi zaidi ya moja. Manukato yasikutie gharama, karafuu zinatosha.

Na ukikosa watu wa kukaa nao, fanya hivyo hivyo peke yako. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamaa waliomfuata chifu Semei Kakungulu katika Uyahudi tangu 1919, walipopigwa marufuku na Idi Amin waliendelea kusali majumbani kwa siri.

Kuhusu kodi: ulizia gemakhi, mfuko wa mikopo isiyo na riba, kwani Torati inakataza kumtoza riba ndugu mhitaji. Kwa kawaida watataka wadhamini na mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wengi hukwama kwa sababu huenda wakiwa tayari na malimbikizo ya miezi. Wewe nenda ukiona tu pengo linakuja. Aibu weka kando. Maimonides, mwanazuoni wetu wa zamani, alipopanga ngazi 8 za sadaka, ya juu kabisa aliiweka hii: kumkopesha mtu, kushirikiana naye au kumpatia kazi ili asije akaomba. Basi wape nafasi. Jumatatu baada ya sala sema wazi, "Natafuta kazi ya uhasibu wa mishahara," si "natafuta chochote," maana chochote hakuna anayejua kukitafuta. Sabato usiliguse jambo hilo, siku hiyo habari za kazi haziongelewi.

Barua ya kwenda sinagogi iandike leo. Ijumaa ofisi zao hufunga mapema.

Mama yako