Fundi katoa themostati: je, Noah yangu itapanda Kitonga?

Swali: Shikamoo fundi. Mwezi wa saba nimepanga kuendesha peke yangu kutoka Dar hadi Mbeya kwa Noah yangu ya zamani, SR40. Nimetoa viti vya nyuma nikaweka godoro, nitakuwa nalala humohumo. Sina haraka. Nataka kupita Bonde la Mbuyu, nione fuvu la Mkwawa pale Kalenga, nguzo za Isimila, Daraja la Mungu na Kimondo cha Mbozi. Tatizo ni kwamba nilipopanda Lushoto gari ilichemsha. Fundi wa mtaani akatoa themostati, akasema hicho kifaa ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Tangu siku hiyo geji haipandi kabisa, lakini kaka yangu anasema Kitonga, ule mlima mkali kabla ya Iringa, nitakwama. Nani mkweli? Na baridi ya Mafinga ikizidi, naweza kuacha injini inawaka usiku huku nimefungua dirisha kidogo? (Msomaji, Kimara)

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kaka yako ndiye mkweli. Rudisha themostati kabla hujaanza safari, na usiku zima injini. Sasa nikueleze kwa nini, maana hili la "nchi za baridi" nalisikia karibu kila wiki, na linanichosha kwa sababu wanaolisema ni watu walioshika spana, wateja wanawaamini.

Mchana wa Dar, jua likiwa kali kweli, hewa ina nyuzi 33 hivi. Injini yako inataka maji yake yawe kati ya nyuzi 80 na 95. Kwa injini, basi, joto la Kariakoo nalo ni baridi. Gari likiwa Ulaya au Ubungo, kazi ya themostati ni ileile: kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kisha kuyafungulia. Ndani yake kuna nta. Ikifika nyuzi 82 hivi nta hutanuka na kusukuma mlango. Hakuna mahali nta hiyo inapouliza uko nchi gani.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wako ama halijui ama hakujali kulifikiria. Themostati za injini nyingi za Toyota zina milango miwili. Wa juu unafungua njia ya rejeta. Wa chini, kisahani kidogo kwenye ncha ya springi, unafanya kinyume chake: injini ikishapata moto, kinaziba njia ya mkato ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kugusa rejeta. Ukiitoa themostati, njia hiyo inabaki wazi muda wote. Barabara ikiwa tambarare hewa inaingia kwa wingi mbele, hutaona chochote, na geji italala chini kama unavyoiona sasa. Ukianza Kitonga kwa gia ndogo nyuma ya malori yanayotambaa, injini inabeba mzigo, hewa ya mbele ni haba, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo bila kupoozwa. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linachemsha kwa sababu hiyohiyo. Vitabu vya ufundi vya Toyota vimeliandika waziwazi: usiitoe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, maana upoozaji utapungua.

Wakati huohuo, mjini, injini yako inafanya kazi ikiwa baridi. Kompyuta inasoma maji hayajapata moto, inaongeza petroli kama vile ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Unyevu ambao ungekauka kwa joto unabaki. Fungua mfuniko wa oili uangalie upande wa ndani: ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, umeshaanza kulipa gharama ya ushauri ule. (Utando huo unaweza pia kuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi kuvuja, kwa hiyo usiupuuze hata kidogo.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Lushoto gari lilikuwa linakwambia kitu, na badala ya kusikilizwa likanyamazishwa. Kilichochemsha bado kimo ndani. Anza na maji yenyewe. Yakitoka ya kahawia, rejeta imejaa kutu na njia zake zimeziba. Isafishwe kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu, na ikishindikana ibadilishwe. Kisha uangaliwe upande wa nje, hasa nafasi kati ya rejeta na kondensa ya AC. Vumbi, majani na wadudu hukaa pale wakawa ukuta, na kutoka mbele huwezi kuwaona. Feni zijaribiwe injini ikiwa ya moto, na AC ikiwashwa. Pampu ya maji iangaliwe kama inavuja. Rejeta ikiwa na povu linalotoka mfululizo injini ikinguruma, mwambie fundi apime gesi ya ekzosi kwenye maji kabla hujanunua kifaa kingine chochote.

Usisahau mfuniko wa rejeta. Ni kifaa cha bei ndogo, na safari yako inakitegemea kuliko unavyodhani. Pwani maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Ukiwa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 95 hivi. Mfuniko mzima unashikilia presha, na kiwango cha kuchemka kinapanda hadi karibu na 120. Mpira wake ukiwa umekauka, maji yatachemka kwenye joto ambalo ni la kawaida kabisa kwa injini yako. Nimeona watu wakifungua silinda hedi nzima kumbe tatizo lilikuwa mfuniko.

Ukinunua themostati, usiifunge bila kuipima, hata kama boksi linang'aa. Funga uzi kwa kuubana kwenye mlango wa themostati ukiwa umefungwa, ining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni bila kugusa kitako cha sufuria, weka kipimajoto pembeni. Maji yakikaribia nyuzi 82 mlango utaachia uzi na themostati itadondoka. Ikidondoka kwenye 60, au maji yakitokota nayo bado imeshikilia uzi, irudishe dukani. Inapofungwa kwenye injini, ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, ili hewa ipate pa kutokea. Halafu weka kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya kisima ya Dar, mengi yakiwa na chumvi, yasiingie humo kabisa.

Mambo yote hayo yakishafanyika, nenda Chalinze na kurudi ukiwa umewasha AC. Geji ipande mpaka chini kidogo ya katikati na itulie hapo. Ikitulia, safari ipo.

Njiani ratiba yako inakusaidia. Ndani ya Mikumi, zile kilometa 50 hivi za hifadhi, fuata mwendo wa vibao na usisimame ovyo kupiga picha. Bonde la Mbuyu lipo kabla ya Kitonga, kwa hiyo shuka hapo, tazama mibuyu na Mto Ruaha kwa raha zako, injini ipumzike. Angalia tangi la akiba la kulanti bila kugusa mfuniko wa rejeta. Ukianza kupanda zima AC, tumia gia ndogo, na usijibane nyuma ya lori. Geji ikianza kupanda, washa hita mpaka mwisho. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ya pili. Ikifika kwenye nyekundu, egesha mahali palipo salama, zima, subiri si chini ya nusu saa. Anayekuja mbio na ndoo ya maji baridi akitaka kumwagia injini, mshukuru na umzuie: silinda hedi ni ya alumini, itapinda. Ukirudi, teremka kwa gia ileile uliyopandia. Usithubutu kuweka fri kwa ajili ya kuokoa petroli.

Ukishapita Kitonga mambo ni mepesi. Isimila na Kalenga ziko jirani na mji wa Iringa, na Kisolanza, kabla ya Mafinga, kuna mahali pazuri pa kulala ndani ya gari pakiwa na ulinzi na choo. Kwa mwanamke aliye peke yake ningechagua hapo kuliko kituo cha mafuta. Kimondo nacho usikiache. Kusimama mbele ya chuma cha takriban tani 12 kilichotoka angani ni jambo ambalo hata mimi ninayeshinda na vyuma halinichoshi.

Sasa la usiku. Mwezi wa saba nyanda za juu hushuka chini ya nyuzi 10, na kwa gari lisilo na themostati hita isingekupa joto la maana. Ila hata likiwa nayo, jibu ni hapana. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na damu inaishika mara 200 na zaidi kuliko inavyoishika oksijeni. Usingizini hutajua kichwa kinauma. Dirisha lililofunguliwa kidogo halikulindi, kwa sababu moshi unaingia kutoka chini: kitobo cha kutu kwenye ekzosi, mpira wa mlango uliochoka, upepo unaorudisha moshi chini ya gari lililoegeshwa karibu na ukuta au nyasi. Kwenye Noah yako injini yenyewe iko chini ya viti vya mbele. Kilichopo kati yako nayo ni mfuniko na mpira wa zamani.

Hapo ndipo ninapowageukia wasomaji wengine wote, kwa sababu aliyemtolea dada huyu themostati ana ndugu anayekata masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Masega ndiyo yanayoigeuza kaboni monoksaidi kabla haijatoka nje, na hayafanyi kazi mpaka yapate moto. Mtu anaambiwa gari litakuwa jepesi, linatumia mafuta kidogo, na masega yake yanabebwa bure. Hayabebwi bure. Ndani yana platinamu na paladi, yanauzwa. Wapo pia wanaounga feni moja kwa moja, wanaochomoa taa ya onyo kwenye dashibodi, wanaomimina bizari au ute wa yai kwenye rejeta inayovuja mpaka njia zote zinaziba. Kwa wote hao kazi inaisha haraka, mteja anaondoka akiwa na furaha, na gari linaharibikia mkoa mwingine ambako hawapo kuulizwa.

Na kwa wanaolala kwenye magari Mafinga, Makambako na Njombe, madereva na utingo: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi ni ileile. Weka blanketi mbili, mkeka chini ya godoro ili bati la sakafu lisikunyonye joto, kofia kichwani, na upenyo wa vidole viwili dirishani kwa ajili ya unyevu wa pumzi.

Kama hujui iwapo gari lako bado lina themostati, liwashe asubuhi, liendeshe robo saa mjini bila AC, uangalie geji. Ikiwa bado imelala chini, au inashuka kila ukishika barabara kuu na kupanda ukiwa kwenye foleni, mwulize fundi aliyelishika mara ya mwisho alitoa nini. Mwambie akuonyeshe.