Mashine ya korosho iliyopakwa rangi ikauzwa kama mpya, fidia inapigwaje?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi na wenzangu tunabangua korosho hapa Newala, tulijichanga tukanunua mashine ya kubangulia kwa muuzaji wa Dar kwa milioni 48, akasema ni mpya na inabangua kilo 200 kwa saa. Imefika inatoa kilo 70 tena inavunja sana. Fundi akakwangua rangi ubavuni kwa kisu, chini kikatokea kibati cha zamani kimegongwa 2009. Muuzaji anatujibu tungekagua wenyewe kabla ya kulipa. Tukipiga faida ya msimu mzima kwa kilo 200 tunamdai milioni 110, je tutazipata?

JIBU: Marahaba mama, poleni sana, hela ya kujichanga ikiliwa inauma mara mbili.

Nianze na hilo la "mngekagua", maana naona limewanyima raha. Msilibebe. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 17 inaeleza ulaghai, cha 19 kinampa aliyelaghaiwa haki ya kuukataa mkataba. Ni kweli kifungu cha 19 kina kijisehemu kinachosema kama ungeweza kugundua ukweli kwa umakini wa kawaida basi huwezi kuuvunja, lakini hicho kinagusa maelezo yasiyo sahihi ya mtu asiye na nia mbaya na ule ulaghai wa kunyamaza. Huyu hakunyamaza, amesema kwa mdomo wake ni mpya, na kama ndiye aliyepaka rangi juu ya kibati hapo ndo kabisa.

Sasa milioni 110. Mama, hapo nakwambia ukweli, kwa njia hiyo hamtazipata. Kwenye ulaghai mahakama inakurudisha pale ulipokuwa kabla hujadanganywa, haikupeleki kule ulikoahidiwa. Kwa hiyo hesabu inaanza hivi: mlilipa 48, siku ile mnanunua hiyo mashine kuukuu ilikuwa na thamani gani sokoni? Tuseme mthamini anasema 19, basi tofauti ni milioni 29, huo ndio mgongo wa dai lenu. Juu yake mnaweka kila hasara iliyotoka moja kwa moja kwenye uongo ule, nakadiria tu mweke za kwenu: usafiri Dar hadi Newala 1,600,000, fundi wa kuifunga 900,000, vibarua 6 waliokaa siku 12 bila kazi kwa 10,000 kila mmoja ni 720,000. Jumla 32,220,000. Na mwongo habebwi na ile hoja ya "sikutarajia hasara ifike huko", kesi ya Uingereza ya Doyle v Olby ya 1969 ndiyo iliyoweka hilo, mawakili wetu huitumia kuishawishi mahakama.

Faida je? Ipo lakini kwa mlango mwingine. Kwenye East v Maurer, ya huko huko Uingereza, iliyoripotiwa 1991, watu waliuziwa saluni kwa uongo, hawakupewa faida ambayo saluni ile ingeleta kama maneno yale yangekuwa kweli, walipewa faida ambayo wangeipata kama hela ile wangenunulia saluni nyingine ya aina hiyo. Kwa hiyo msiseme kilo 200, semeni kwa milioni 48 siku ile tungepata mashine gani nyingine, ingebangua kilo ngapi, na leteni profoma, yaani karatasi ya bei, ya muuzaji mwingine ya kipindi kilekile.

Kuna njia ya pili, kudai kwa kuvunjwa kwa ahadi ya mkataba. Hapo unapimwa kwa ahadi: kama mashine mpya ya kilo 200 sokoni ni milioni 55, tofauti na 19 ni 36, lakini hasara za pembeni zinabanwa na kifungu cha 73 cha Sheria hiyohiyo ya Mikataba, ziwe zile za kawaida au ambazo wote mlizijua mkiwa mnakubaliana. Kwenye hati ya madai unaweza kuziweka zote mbili kama mbadala ila huwezi kulipwa mara mbili kwa hasara ileile, na vipato mlivyopata kwa hizo kilo 70 vitakatwa kwenye fidia.

Kinachoua kesi nyingi ni ushahidi. Hasara unayoitaja kwa tarakimu lazima iandikwe yote na ithibitishwe kikamilifu, kesi yetu ya hapa Tanzania ya Zuberi Augustino v Anicet Mugabe ya 1992 imeshasema, kwahiyo risiti, meseji za wasap alipoandika "mpya kabisa", daftari la kila siku linaloonyesha kilo ngapi zimeingia, ngapi zimetoka nzima na ngapi vipande. Na ulaghai kwenye madai unapimwa kwa kipimo kizito kuliko dai la kawaida, ingawa haufiki kile cha jinai.

Mkitaka kuirudisha mashine acheni kuitumia sasa hivi na mwandikieni barua, kwa sababu mkiendelea kubangulia huku mnajua atasema mmeikubali, japo fidia ya ulaghai bado mtaidai. Muda ni miaka 3 kwa ulaghai kama kosa la madai, 6 kwa mkataba, na pale ulaghai uliofichwa muda unahesabiwa tangu mlipogundua au mlipopaswa kugundua.

Msipake rangi pale palipokwanguliwa wala msibadilishe kifaa, na huyo fundi mwenye kisu mtafuteni wiki hii aandike alichokiona na asaini, kabla hajaondoka kwenda kufanya kazi Lindi au kwingine.